Kabla Hujaingia Pangoni

Mtaa wa Msimbazi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Machi, 1994.

Mdogo wangu mpendwa Taimur,

Asalaam alaikum. U hali gani, na joto la Maskati unalionaje? Kifua kimepona? Mama hajambo, ila miguu tu. Dalia amekua, kila siku anauliza mjomba wake atakuja lini. Mimi bado nimekaa eda, sitoki nje.

Barua yako imefika. Umeandika kwamba utaenda na rafiki yako wa kazini kuzamia ndani ya pango la bahari. Niliposoma hapo, nikachukua kalamu saa ile ile.

Kwenye simu ya maandishi tulikuambia tu kwamba shemeji yako Humoud amekufa maji. Sasa nakueleza ilivyokuwa.

Tangu serikali ifungue milango ya biashara, mume wangu alikuwa akileta bidhaa za Dubai dukani kwake. Safari moja akaleta mitungi ya hewa na miwani ya kuzamia, akaipenda mwenyewe. Awadhi, rafiki yake wa mtaa wa Gerezani aliyekuwa akisugua matumbo ya meli bandarini, akamfundisha. Siku ile wakavuka Magogoni, wakaenda mpaka kwenye miamba ya kusini, wakaingia pangoni. Tochi moja, kamba hawana. Miguu yao ikatibua tope, maji yakawa meusi, wakapoteana. Awadhi alipapasa ukuta mpaka akaona mwanga. Humoud alitolewa kesho yake.

Awadhi alikuja matangani, akasimama nje ya pazia. Nikamwuliza, "Pango lile ulishawahi kuingia?"

Akasema, "Hapana, shemeji. Aliniuliza, nikamwambia nalijua. Niliona haya."

Sikumlaani. Bahari anaijua kweli, lakini mapango hakufundishwa na mtu.

Mwalimu wa kuzamia aliyemtoa Humoud alituambia kwamba pangoni ukishikwa na hofu huwezi kupanda juu tu, kuna dari ya mawe. Basi Taimur, mwulize huyo rafiki yako nani alimfundisha mapango, si bahari tu, na cheti akuonyeshe. Hilo analotaka kukupeleka ameliingia mara ngapi? Kamba ifungwe mlangoni, na mkono wako usiiachie. Kila mtu awe na tochi zake, zaidi ya moja. Hewa theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, inayobaki iwe ya balaa. Wewe mgeni, usivuke pale unapoacha kuona mwanga wa nje. Mmoja akisita, wote mgeuke. Na rafiki yako akikasirika kwa kuulizwa, ndugu yangu, usiende naye.

Mama sijamwambia. Ukishaamua, piga simu dukani kwa jirani yetu Ravindra, mkewe Indumati atapanda kuniambia. Simu yao ikilia huko chini, mara nyingine nasahau, nadhani ni Humoud anauliza tumepika nini.

Mama anakuombea. Shangazi Tatu anakusalimu, na Dalia anakubusu mkono. Mungu akutangulie, na kila ukishuka majini akupandishe salama.

Dada yako akupendaye,
Amna