Salamu za Moraa na Kisanduku cha Kifuani

Jumatatu, 25 Machi 1974
Mvua tena. Nimechuma chai mistari miwili, nikaacha. Uji umeletwa barazani kama kawaida. Moraa, mke wa mwanangu Nyakundi, akaweka bakuli juu ya kigoda, akarudi mbali kwenye migomba, akasimama ameinama, midomo ikitikisika kidogo. Sikusikia kitu. Akaondoka.

Najua, ni heshima. Chinsoni. Mkamwana hamkaribii baba mkwe, hamkodolei macho, hampazii sauti. Wala mimi siwezi kumwita mke wa mwanangu asogee anipigie kelele sikioni. Wangesema nimerukwa na akili. Alipokuwa hai mke wangu Kerubo, maneno yote yalipitia kwake. Sasa kaburi lake limeota majani, na mtoto wa Moraa, Bosibori, hata kutembea hajaanza, sembuse kubeba ujumbe.

Nimechoka kuletewa chakula na mtu aliyeninunia. Juzi nilimtumia Nyakundi neno kwa dereva wa lori: aje amchukue mkewe, wakaishi wote Thika anakofanya kazi. Nitapika mwenyewe. Nilipika miaka yote kule Kericho, na hakuna aliyekufa.

Jumatano, 27 Machi
Kisii mjini, hospitali. Mashine ya sikio imefika. Kisanduku kikubwa kidogo kuliko kiberiti, waya mmoja, na kitu cha kuziba sikio walichokitengeneza kwa kipimo cha tundu langu. Muuguzi akaeleza polepole kama anamfundisha mtoto. Kivaliwe kifuani, nje ya nguo. Sauti ipandishwe kidogo kidogo. Nikamwambia nimeendesha mitambo ya kiwanda cha chai iliyo mikubwa kuliko nyumba yake, na ndiyo iliyonila masikio. Akacheka. Nilimsikia akicheka!

Nilipokaribia Kebirigo nikakificha chini ya sweta na koti. Sokoni pale watu wana macho.

Alhamisi, 28 Machi
Takataka. Kutwa nzima krr, krr, krr. Nikigeuka, krr. Nikipumua, krr. Jogoo akawika kwa mbele, nusura nianguke. Nimeitia mashine kwenye kopo la majani chai na kufunika.

Dereva amerudi na jibu. Nyakundi anakuja Jumanne. Vizuri.

Jumamosi, 30 Machi. Sabato
Nimeamka na jawabu. Ile krr haikuwa mashine. Ilikuwa sweta. Mimi, fundi wa mitambo, nimefunika mashine kwa sufu halafu naitukana!

Nimeivaa juu ya koti, mbele ya kila mtu, nikaingia kanisani kifua mbele. Ndugu yangu Ombati akauliza kama ni redio. Nikamwambia ndiyo, inanasa habari za wanaonisengenya. Akahama benchi.

Nimesikia mahubiri mwanzo hadi mwisho. Ni marefu kupita kiasi, zamani sikujua. Nimesikia kwaya. Watu wa besi wanaburuta. Wakati wa kurudi nimesikia mvua juu ya mabati, nikalia kidogo. Sina haya. Mashine hii ni nzuri na mimi ndiye ninayeiweza.

Jumapili, 31 Machi
Niliivaa kabla ya viatu. Moraa akaja na uji, mtoto mgongoni. Akaweka bakuli, akarudi hadi kwenye migomba, akainama. Sauti ndogo, lakini kila neno lilifika, kuanzia lile la kuniita baba.

"Tata, bwakire buya. Umeamkaje? Mguu bado unauma?"

Kisha akangoja.

Kule kungoja nakujua. Kila asubuhi husimama vile. Nilidhani ni kiburi, ananionyesha kwamba hana habari nami. Kumbe alikuwa anangoja jibu. Tangu Kerubo afe ananiamkia, anauliza mguu, na mimi namtazama kama kisiki.

Na leo pia sikujibu. Nilibaki nimeshika kisanduku. Akamwambia mtoto, "Twende, mama. Babu hataki." Akaenda zake. Nimeumia sana. Nimejikasirikia kutwa nzima. Uji sikuugusa.

Jumatatu, 1 Aprili
Nilijiandaa kujibu. Nimekuta bakuli mlangoni, uji umeshapoa. Ameleta kabla sijaamka.

Kamba yake ya nguo ni tupu. Amefungasha.

Kuingia nyumba ya mwanangu siwezi, ni mwiko. Kumtuma Ombati sitaki, ataongeza chumvi. Nyakundi anafika kesho, kwa neno langu mwenyewe. Lakini neno nililolituma naweza pia kulirudisha. Sitaachiwa boma tupu kwa sababu ya masikio.

Jumanne, 2 Aprili
Nyakundi amefika mchana. Mkoba mkubwa ulikuwa mlangoni kwao, umefungwa kwa kamba. Nikaketi barazani, kisanduku kifuani, sauti juu kabisa. Moraa alisimama mbali, nyuma ya kuni. Nyakundi akajiweka katikati, tayari kubeba maneno ya huku na huku. Nikamwambia akae chini, ana njaa ya safari, ale ndizi.

Kisha nikasema mwenyewe, macho nikiyaelekeza kwenye zizi kama inavyotakiwa.

"Mama Bosibori. Salamu zako sikuzisikia. Hata moja. Yaliyokataa ni masikio, si mimi. Sasa nasikia. Bwakire."

Jua lilikuwa utosini, na mimi natoa salamu ya asubuhi. Nyakundi akapaliwa na ndizi kwa kicheko. Moraa hakucheka. Nikagonga kisanduku, nikadhani betri imekufa. Halafu:

"Nilidhani nimekukosea, Tata. Nikawa najiuliza kosa gani."

"Hakuna kosa."

"Basi mguu unaendeleaje?"

"Unauma," nikasema. "Hasa mvua ikinyesha."

Mkoba umerudi ndani. Jioni nilimsikia akimwambia mumewe kwamba Thika ataenda kutembea, si kuhamia. Chai haiwezi kuachiwa mzee anayechechemea. Maneno ya kumsema mtu hayo. Nimeyafurahia mno.

Jumatatu, 8 Aprili
Nyakundi amesharudi kazini. Kumetulia. Mboga ya saga ya leo ilikuwa na uchungu kama ninavyopenda.

Asubuhi Bosibori ametambaa hadi barazani, akanipanda miguuni, akakamata waya, akavuta. Kitu cha sikio kikachomoka. Kila kitu kikanyamaza. Kule kwenye migomba Moraa alikuwa ameinama, midomo ikitikisika kidogo kama zamani. Hakuweza kusogea kumchukua mtoto.

Nikavifungua vidole vya mtoto kimoja kimoja. Nikakirudisha kitu sikioni. Nikamwomba mama yake aseme tena.

Akasema tena.