Kidevu cha Runar

Kaka Torvald,

Hapa nyumbani Närpes nyanya zimeiva, ila theluji imepasua vioo vya banda zinamokua. Mama hajambo, anakuulizia.

Jumamosi mwanangu Runar alikuwa uchi saunani, akioga mvuke na baba yake. Mume wangu akatoka anacheka: "Gunvor, njoo uone! Kidevu cha mwanao kinacheza chenyewe. Amemeza chura nini?"

Mimi sikucheka. Chako kilicheza vivyo hivyo, ukasingizia baridi.

Daktari amesema ni ugonjwa wa ukoo: wanawake tunaubeba, wanaume unawamaliza misuli. Nikampigia mkeo, wifi Ebba. Akashangaa: "Kwani Torvald hakuwaambia? Alipimwa kabla Runar hajaoa."

Kabla hajaoa! Sasa Runar ana binti, naye tayari ameubeba.

Kumbe ndiyo maana kila Krismasi ulikataa sauna. Sisi tukadhani Uswidi imekutia maringo, kumbe unaficha misuli inayocheza. Aibu yako uliivika nguo, mwanangu ukamwacha uchi.

Krismasi hii utavua kila kitu, ukae na Runar benchi la juu, umwonyeshe mwili wako na umweleze kinachomngoja. Ukiona haya, usivuke bahari.

Bado dada yako,
Gunvor