Mtongwe Haipotezi Maji

Magongo,
14 Agosti 1993

Dadangu Mwanatatu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji, na kwamba mguu haukusumbui tena. Hasa nataka kujua hali ya mwanao Mwanatabu. Kahaso, niliyemtuma akuletee unga juzi, ameniambia kuwa mtoto ameharisha wiki nzima, na kwamba bado mwanywa maji ya kile kisima kilicho karibu na choo. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umejaa kinyaa, na nitakueleza sababu.

Wakumbuka Machi nilipokuja kwako na mfuko wa karatasi, nikakwambia nasomea ukaguzi wa upotevu wa maji. Mkaguzi husoma mita kubwa pale maji yanapoingia mtaani, kisha husoma mita za nyumba zote. Yaliyoingia yakizidi yaliyofika majumbani, tofauti ndiyo iliyopotea njiani, na bomba hilo ndilo la kufukuliwa kwanza. Kila mwanafunzi alipewa mtaa wake, na asiyeleta hesabu safi hapati cheti. Mimi nikapewa Mtongwe, mtaa wenu, nikafurahi kama mjinga.

Wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka kwenye mita yako. Ulifungua mfereji, nao ukatoa hewa tupu bila hata tone, na mita ikazunguka mbio. Ukaniambia kuwa bili yaja kila mwezi, na kwamba wallahi mwauziwa upepo. Nilipita nyumba arobaini na tatu, hali ni ile ile. Maji yakikatika bomba hujaa hewa, na yakirudi kidogo huisukuma hewa hiyo mpaka kwenye mita, nayo mita haijui tofauti.

Nilipojumlisha, nyumba zenu zilionekana zimetumia maji mara mbili ya yaliyoingia mtaani, jambo lisilowezekana ila kwa bomba lililojaa hewa, nalo pia ni la kufukuliwa. Nikazipeleka hesabu kwa msimamizi wetu, Dishon, mtu wa tumbo kubwa na kalamu mbili mfukoni. Alisema mtihani wataka hesabu zinazolingana, si hadithi za hewa, na kwamba wasumbufu hurudishwa kuchimba mitaro. Nilimwambia watu wa kule hawana maji. Akanijibu kuwa wamezoea.

Vyeti vilitolewa katika hoteli moja ya kifahari. Kila meza iliwekwa majagi ya maji ya barafu, na hakuna aliyeyagusa maana soda zilikuwa tele. Mhudumu akaja akayamwaga kwenye maua. Kisha nikaitwa wa kwanza, nikapigiwa makofi, mkaguzi ambaye mtaa wake haupotezi maji. Nilitabasamu, dada. Tabasamu hilo ndilo lililo kwenye picha uliyoitundika ukutani.

Sasa nikwambie nililokuficha. Zile hesabu nilizibadilisha mimi. Dishon hakushika kalamu. Nilikaa hapa chumbani kwangu, nikapunguza mita moja baada ya nyingine, nikianzia na yako, mpaka zikalingana. Jana imetoka orodha ya mabomba yatakayotengenezwa mwaka huu na ujao. Port Reitz imo. Mtongwe haimo, na sababu iliyoandikwa ni ukaguzi wangu, na sahihi yangu chini yake.

Leo asubuhi nimewapelekea watahini hesabu za kweli, nikawarudishia na cheti chao. Karani amezipokea bila kuinua kichwa. Orodha iliyotoka ni ya muda tu, yafungwa Ijumaa, na sijui kama kuna atakayezisoma. Ile picha itoe ukutani. Na maji mchemshie mtoto, hata kuni zikiwa chache.

Nisalimie shemeji, na jirani yenu Mama Kadzo, ambaye mita yake niliipunguza kuliko zote. Akiuliza maji yatakuja lini, usimfiche jina la aliyeyazuia.

Ni mimi nduguyo mdogo,
Ishaka