Sauti Yako Niliyoizima Barazani

Kwako Zuhura, binti yangu, popote maneno haya yatakapokukuta,

Orodha ya wachezaji wa klabu yako ilitoka juzi. Mnara, yule mchezaji wako mrefu, hayumo. Nilivaa miwani, nikasoma majina yote mara mbili, kisha nikateremka kwenye maoni ya mashabiki. Wapo wanaomlilia, wapo wanaosema alistahili kuondolewa zamani, na yupo mmoja anayemlaumu kocha kwa kumrudisha nyuma tena mtu aliyezoea kucheza mbele. Niliyasoma yote hadi la mwisho. Nilikuwa nikilitafuta jina lako. Halikuwapo.

Tangu ulipoacha kupokea simu yangu, hiyo ndiyo njia pekee niliyokuwa nayo ya kujua kwamba u mzima. Kila mwisho wa msimu, mashabiki wakianza kubishana nani abaki na nani aende, "Zuhura wa Bagamoyo" hutokea, huwatetea wachezaji wake kwa hoja tatu au nne, kisha hutoweka. Mwaka juzi ulimtetea Mnara. Mwaka jana ulimtetea tena. Safari hii ametolewa nawe hukuandika hata neno. Ndiyo maana nimeketi kukuandikia, na naandika mahali ambapo kila mtu atasoma. Sababu ya kuandika hadharani utaiona mbele.

Hukuanza kubishana kuhusu orodha huko Australia ulikohamia. Ulianza kwangu. Ulikuwa darasa la nne, nami nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na msimamizi wa timu ya shule. Kila Alhamisi nilibandika orodha ya wachezaji kwenye mlango wa ofisi ya walimu, kwa wino mweusi, kila jina na nafasi yake. Siku moja kabla ya mechi ya Kerege ulisimama mbele ya mlango ule, mkoba mgongoni, ukaniuliza: "Baba, Juma anakimbia kuliko wote. Kwa nini umemfungia golini?"

"Orodha haijadiliwi," nilikujibu.

"Lakini baba, golini atakimbilia wapi?"

Walimu wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuagiza uandike "Orodha haijadiliwi" mara hamsini. Uliandika zote hamsini, bila kosa, na chini yake ukaongeza mstari wako mwenyewe: "Ila Juma acheze mbele."

Tulifungwa Kerege mabao manne. Kwenye lori la kurudi uliketi karibu nami, ukinipa karanga moja moja, wala hukutamka kwamba ulinionya. Tulipofika Zinga ulikuwa umelala begani pangu. Juma nilimhamishia mbele wiki iliyofuata, akafunga. Sikukwambia kwamba ulikuwa sahihi. Nilidhani mwalimu akikiri kosa mbele ya mtoto hupungukiwa. Nakwambia sasa: ulikuwa sahihi.

Ndoa yako na Hamid niliitaka mimi. Siandiki "tuliitaka", kwa kuwa mama yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliniomba tusubiri umalize masomo. Mzee Nassor, mwenye duka la vitambaa, alileta posa ya mtoto wa kaka yake aliyekuwa akifanya kazi Perth, huko Australia. Nassor ni rafiki yangu tangu ujana, na baraza ya duka lake ndipo tunapoketi kila siku. Nilipokuita kukuuliza, uliinamisha kichwa ukasema, "Baba akiridhika, nami nimeridhika." Nilifurahishwa na adabu yako. Leo nikiikumbuka sentensi ile nakosa raha, maana uliniachia mimi jambo lote, nami nilikuwa na haraka ya kumpendeza rafiki.

Mwaka wako wa kwanza huko ulikuwa wa upweke, ingawa hukulalamika. Ulisema tu kwamba bibi mmoja jirani yako, mtu mzima wa huko huko, alikupeleka uwanjani na kwamba umepata timu. Tangu hapo kila Jumamosi, mchezo wa huko ukiisha, kwetu ikiwa bado hatujaadhiniwa adhuhuri, ujumbe wako wa sauti uliingia. Mimi, kwa kujivuna, sikuusikiliza peke yangu. Niliiweka simu juu ya kiti kitupu katikati ya baraza, nikapandisha sauti hadi mwisho, wazee wakasogeza vikombe vyao vya kahawa.

"Mpira wenyewe una umbo la yai," ulitueleza mara ya kwanza. "Wanaushika kwa mikono na kuupiga kwa miguu. Wapo kumi na wanane kila upande. Nguzo ni nne. Mpira ukipita kati ya zile mbili za katikati, pointi sita. Ukikosa kidogo ukapita pembeni, pointi moja."

"Hebu rudisha hapo," alisema Mzee Shomari, yule fundi cherehani unayemjua kwa ulimi wake. "Kukosa nako kunapewa pointi?"

"Ndivyo anavyosema," nilimjibu.

"Mwalimu, wewe huko usingemaliza wiki! Miaka yote ile hukumpa mtoto hata nusu maksi kwa jibu lililokaribia."

Baraza nzima ilicheka, nami nikacheka, maana ilikuwa kweli.

Basi wazee ambao hawajapata kuuona mchezo huo hata siku moja wakawa mabingwa wake. Walijua nani amevunjika kidole, nani anafaa pembeni na nani amezeeka. Aliyewagawa zaidi ni yule mrefu mwenye goti bovu, ambaye Shomari alimpa jina la Mnara.

"Arudishwe mbele," Shomari alisema. "Asimame tu, mipira mirefu imfuate."

"Kwa goti lile?" Nassor alimjibu. "Atolewe, vijana wapate nafasi."

"Na lako wewe, Nassor? Linakufikisha msikitini kwa kuchechemea, mbona hatukutoi?"

Nilikurekodia ubishi wao, nawe huko ukawasomea mashabiki wenzako, ukatuletea majibu yao. Kila mara ulimaliza kwa maneno yale yale: "Mwambie Mzee Shomari namwunga mkono. Baba, wewe unasemaje?" Nami nilisema siku zote kwamba Mnara atolewe. Sikuwa na chuki naye. Nilikuwa nimezoea kwamba anayeandika orodha haoneshi huruma.

Sasa nafika kwenye Jumamosi ile, na wewe unaijua.

Msimu ulikuwa umekwisha, hapakuwa na mchezo, lakini orodha ilikuwa ikingojwa, na wazee walikuwa wameketi tayari. Niliiweka simu kwenye kiti. Ulimwamkia kila mmoja kwa jina lake. Ulisema mashabiki wamegawanyika sawasawa kuhusu Mnara, wengine wanataka apewe mwaka mmoja zaidi. Kisha ukavuta pumzi. Niliisikia pumzi ile. Ukasema: "Na jambo jingine, baba. Mimi na Hamid..."

Nikainama, nikaizima sauti yako.

Sikujua ulichotaka kusema, ila nilijua pumzi ya mwanangu. Kulia kwangu aliketi Nassor, baba mdogo wa mumeo, mleta posa, mwenye baraza. Shomari alikichungulia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Mwishowe Nassor ndiye aliyesema, taratibu: "Mjibu basi, mwalimu. Mtoto anangoja. Mnara abaki au aende?"

Nilikuwa na nafasi ya kusimama na kwenda nyumbani na simu yangu. Badala yake nilirekodi jibu pale pale, mbele yao, kwa sauti yangu ya darasani: "Tumezipata salamu zako. Mnara atolewe. Goti lile halina dawa." Shomari akapaza sauti kwamba mimi sina huruma, wengine wakacheka kwa sababu walihitaji kucheka, na kicheko chao kikaingia humo. Nikatuma.

Sehemu iliyobaki ya ujumbe wako niliisikiliza baada ya sala, chumbani kwangu, mlango ukiwa umefungwa. Naiandika kama ulivyoisema: "Mimi na Hamid ndoa yetu imekwisha. Sasa nakaa kwa yule bibi jirani. Simlaumu mtu. Nataka kurudi nyumbani. Niambie tu nije, nami nitakuja. Baba, wewe unasemaje?"

Kabla sijamaliza kuusikiliza mara ya pili, jibu lako kwa jibu langu lilikuwa limeingia. Lilikuwa la maandishi. "Nimekusikia, baba." Hukutia salamu mwanzo wala mwisho, wewe ambaye sijawahi kukuona ukiingia chumba bila kusalimu.

Usidhani kwamba sikukupigia siku ile kwa sababu nilikukasirikia. Niliona haya. Nilijiambia kwamba jambo la ndoa lina utaratibu wake, kwamba lazima nizungumze na Nassor kwanza. Nassor alisema, "Tusikilize upande wa pili kabla hajapanda ndege. Akija sasa watu watauliza, na sisi tutasema nini?" Nilikubali. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba binti akiachana na mume hurudi kwao, na kwamba kwao ni kwangu. Hapakuwa na upande wa pili wa kusikiliza katika hilo. Lakini nilingoja wiki tatu, nikijiita mtu wa busara, na nilipopiga, simu iliita bila kupokelewa. Mwezi uliofuata haikupatikana tena. Hamid alimwambia Nassor kwamba umehamia mji mwingine, naye hajui upi.

Wewe uliuliza jambo moja ukajibiwa kuhusu goti la mtu mwingine.

Klabu yako haikunisikiliza. Mwaka ule Mnara alibakishwa, akarudishwa mbele, na kwa ulivyoandika kwenye ukurasa wa mashabiki ulionekana kuwa na furaha. Nilianza kuusoma ukurasa ule kila siku. Nilijifunza majina ya watu wanaokubishia. Kuna mmoja anayekuita mkaidi. Nilitamani kumwandikia kwamba ukaidi huo umetoka kwangu na kwamba kwa kawaida una haki. Sikuandika. Niliogopa kwamba ukiliona jina langu utaondoka hapo pia.

Nyumba imenyamaza tangu mama yako alipofariki, na Jumamosi ndiyo siku inayonyamaza zaidi. Baraza ya Nassor bado ipo nami bado nakwenda, lakini simu naishika mkononi. Siiweki kwenye kiti tena. Wazee hawazungumzii mpira wa yai. Hakuna aliyekataza. Mpira huo umekufa tu.

Jana niliipeleka barua hii pale barazani, nikaisoma nikiwa nimesimama, hadi hapo nilipoandika "umekufa tu". Nilipokuwa nikisoma habari ya Jumamosi ile, Nassor aliinuka, akaingia dukani, akaanza kukunja upya vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Niliendelea kusoma. Nilipomaliza alitoka, akasimama mlangoni akiwa na jora mikononi.

"Mimi pia niliisikia pumzi ile, mwalimu," alisema. "Nikakuuliza habari za Mnara makusudi."

Nilikuwa nalijua hilo. Hata hivyo ni vizuri amelisema, na ameniruhusu niliandike.

Kisha Shomari, ambaye hakutia neno la utani tangu nilipoanza, aliweka kikombe chake chini. "Barua nzuri," alisema. "Maneno mengi na yote yamenyooka. Lakini mtoto aliuliza swali. Jibu liko wapi?"

Niliipekua karatasi mbele yao. Kweli, halikuwapo. Nilikuwa nimeeleza makosa yangu yote kwa mpangilio na bado nilikuwa sijakujibu. Nimerudi nyumbani kuliandika.

Zuhura, nilikuzima mbele ya watu, kwa hiyo nakujibu mbele ya watu wale wale na wengine zaidi. Ndiyo. Rudi nyumbani. Huna haja ya kueleza lolote, kwangu wala kwa Nassor. Chumba chako hakijapewa mtu, na cherehani ya mama yako bado iko chini ya dirisha. Kama umekwisha kujenga maisha yako huko na hutaki kurudi, baki kwa amani, ila ujue kwamba jibu lilikuwa ndiyo, na lilikuwa ndiyo hata wakati ule nilipolificha.

Sijui kama barua hii itakufikia. Kwa jinsi ulivyonyamaza safari hii, sijui hata kama u salama, na zaidi ya hilo siandiki. Katika mchezo wako anayekosa kidogo hupewa pointi moja. Mimi sikukosa kidogo, kwa hiyo siidai.

Mwakani orodha itatoka tena. Nitavaa miwani nisome hadi chini.

Ni mimi, baba yako, niliyekujibu kwa kuchelewa.