Sahani ya Mzee na Kijibwa Bosi

Machame, kwenye migomba

Mama yangu, shikamoo. Kama barua hii imekukuta unapepeta uwele, weka ungo chini kwanza, upumzishe mgongo. Mguu wa Baba umepona? Na yule ndama mwekundu bado mtoro? Mimi ni mzima, tena kupita kiasi, na hilo ndilo nataka kukueleza, maana najua ile picha niliyowatumia imewashtua.

Huku ukungu hushuka mlimani ukaingia mpaka jikoni, na maji ya mfereji hupita kati ya migomba yakijisemea. Kuna asubuhi hujui kama umeamka au bado unaota. Nakata majani ya ng'ombe wa Bibi Aikande, na hakuna kijana hapa anayefunga mzigo kama mimi. Waulize.

Bibi ni mjane. Mumewe alimwachia kijibwa kifupi, Bosi, alichopewa na mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Zamani kila jioni Bosi alitangulia, Bibi nyuma, mpaka kaburi la Mzee mwisho wa shamba, wakakaa pale hadi mlima ujifunike. Nilipofika mimi, Bosi alikuwa kama mto uliojazwa pamba. Hatua chache, analala. Bibi naye akaacha kwenda.

"Nitaendaje bila wa kunitangulia?" alisema.

Daktari wa mifugo alikuja kumtazama ng'ombe, akamwona Bosi. "Moyo wake umechoka kubeba. Asipopungua, masika hayamkuti."

Bibi akalia kimyakimya. Nikamwambia, "Bibi, niachie mimi. Darasa la saba lilinishinda, lakini mbwa hanishindi."

Daktari akanielekeza, nikawa napika: nyama isiyo na mafuta, boga, karoti, mchicha, wali kiganja kimoja, chumvi hakuna. Nilimzungushia Bosi kamba ya mgomba tumboni, nikaweka fundo la kupimia unene wake. Chakula chenyewe, Mama, hata wewe ungeomba kuonja. Mimi nilionja.

Wiki zikapita, fundo palepale. Nikimwangalia Bosi, ananiangalia kama mtu aliyeshiba siri.

Mchana mmoja nikawahi kurudi na majani. Bibi yuko mezani na sahani mbili za mtori, ile supu nzito ya ndizi, nyama imelala juu. Moja yake, nyingine mbele ya kiti cha Mzee. Alikula taratibu akimsimulia Mzee habari za kahawa. Alipomaliza, akaishusha ile ya pili sakafuni, Bosi akazama mpaka masikio.

"Bibi, unamuua," nikasema.

"Tangu niolewe sijala kabla ya kumpakulia," akanijibu. "Nikiacha kupakua, atakuwa amekufa kweli. Na chakula cha mume hakimwagwi."

Ukungu ulikuwa umeingia hadi mezani. Nikanawa mikono, nikavuta kiti cha Mzee.

"Basi pakua kama kawaida. Mlaji amepatikana."

"Wewe? Utamaliza?"

"Bibi, kwetu Singida tunazaliwa na njaa ya akiba."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Tangu hapo Bosi anakula ninachompikia, mimi nakula sahani ya Mzee, pamoja na habari zote anazosimuliwa. Kamba imelegea, nimefunga fundo jipya ndani ya lile la zamani. Juzi jioni Bosi aliinuka mwenyewe, akatoka, akasimama njiani kumngoja Bibi. Wakapotea kwenye migomba, weupe umewafunika, nikawa nasikia fimbo ya Bibi tu. Mimi nikabaki naosha sahani mbili.

Msalimie Bibi mzaa Baba, mwambie namwombea macho. Dada Mariamu aache kuvaa koti langu. Na Baba Mdogo, fundi wetu wa cherehani, mwambie suruali aliyonishonea haifungi tena. Ashone nyingine, apime kwa kiuno cha Baba.

Mwanao aliyeshiba,
Elia