Tuliomba Mteremko, Tukapewa Mteremko

Mpendwa Shangazi mshauri,

Nakuomba uniokoe, maana nimecheka mahali pasipochekeka na sasa dada yangu hanisemeshi, na mbaya zaidi kila nikikumbuka nacheka tena. Mimi ni msusi na dada yangu ni fundi cherehani, tunafanya kazi chumba kimoja, yeye dirishani na cherehani yake, mimi mlangoni na vichwa vyangu, na dada hutumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Zahanati ya mtaa wetu ina ngazi, kwa hiyo kila akiugua hubebwa na mlinzi au mwanamume yeyote apitaye, juu juu kama gunia la mkaa, ndiyo maana tukaanzisha kikundi, dada akiwa mwenyekiti, cha kudai pajengwe mteremko. Tumezungushwa, Shangazi! Leo bosi hayupo, kesho bosi yupo ila muhuri haupo. Lakini nisikufiche, mimi nilikuwa nafurahia, maana kila ofisi niliuliza maswali, nikajua nani anaamua nini na kwa sababu gani, mpaka karani mmoja akaniita Bi Kwa Nini na jina likaganda.

Basi mteremko ukajengwa. Siku ya uzinduzi dada alivaa gauni alilojishonea, nami nilikuwa nimemsuka tangu asubuhi, tukafika, nikaona ule mteremko umesimama wima utadhani ni wa kupandia darini. Kabla hatujasema neno, bwana mkubwa wa ofisi ya majengo akakalia kiti cha magurudumu cha zahanati ili atuonyeshe urahisi wake, watu wawili wakamsukuma wakihema hadi katikati, wakamwachia ili apigwe picha, naye akarudi kinyumenyume, tai inapepea, akaishia kwenye bustani ya maua miguu juu. Hakuumia popote isipokuwa heshima. Mimi nikamgeukia dada nikasema, kwa nia njema kabisa, "Usijali dada, kuteleza si kuanguka," wakati bwana mkubwa alikuwa ameteleza na ameanguka, vyote viwili, hapo hapo mbele yetu. Kicheko kikanishika nikakaa chini. Dada akageuza kiti chake akaenda nyumbani peke yake.

Kesho yake nikamfuata fundi mwashi aliyeujenga nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa uchungu, "Dada yangu, niliambiwa mteremko, nikajenga mteremko. Kwa kushuka hauna kasoro hata moja. Kupanda hakukutajwa." Shangazi, nilitaka kulia nikacheka, naye akacheka, halafu akatoa kamba tukapima, akasema tukiuzungusha ukutani na mlinzi akihamisha benchi lake, utakuwa mrefu na wa taratibu, na mlinzi amekubali, na bwana mkubwa kwa aibu yake amepitisha bila hata kutafuta muhuri! Nikakimbia kumwambia dada. Akajibu bila kuinua macho, "Nimechoka. Jumapili nakivunja kikundi." Sasa wanachama wananinong'oneza nishike uenyekiti mimi. Je, niushike ili kazi isife, au nijitoe ili dada apate amani? Na je, ni kosa kufurahi wakati kazi haijaisha?

Mimi mdogo mtu,
Bi Kwa Nini

SHANGAZI ANAJIBU

Bi Kwa Nini, nimecheka mpaka miwani imeanguka, kwa hiyo nakugombeza nikiwa bado najifuta machozi.

Kufurahi si kosa. Ungefurahi ukalala, hapo ningekushika sikio. Wewe ulifurahi ukaenda kupima ukuta. Wengi wanaodai haki hudhani uso uliokunjwa ndio kiingilio, wakakunja na kukunja mpaka wakachoka, wakarudi nyumbani kuangalia ukuta. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, ni kweli, lakini kamba hiyo ishikwe na watu wanaopenda kuwa pamoja, la sivyo wataiachia. Kwa hiyo cheka, ruhusa nimekupa.

Sasa kaa vizuri. Umemuuliza karani, umemuuliza fundi, umemuuliza hadi mlinzi na benchi lake. Dada yako umemuuliza nini? Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta, sikuona swali hata moja. Ulimpa methali, tena methali yenyewe ikiwa imekwishaanguka kwenye maua, kisha ukamletea habari njema mbiombio. Mwanangu, yule hakujishonea gauni kwa ajili ya bwana mkubwa. Alikuwa anakwenda kuingia zahanati kwa mikono yake mwenyewe, mara ya kwanza maishani, mbele ya watu wale wale waliokuwa wakimbeba. Wewe uliona mtu anashuka. Yeye aliona kwamba atabebwa tena. Huo udadisi wako ni mali, ila umeutembeza mji mzima ukasahau kuuingiza nyumbani, na hilo limeniuma.

Uenyekiti usiuguse. Mtu aliyechoka huletewa maji, havuliwi kofia. Wala usijitoe, maana kikundi hicho bila wewe kitakuwa msiba wa kila wiki.

Na wewe dada mtu, najua utasomewa haya, chumba kimoja hakina siri. Kuchoka ni haki yako, pumzika hata mwezi mzima. Lakini kuvunja kikundi kwa hasira ni kukata kitambaa bila kupima, na wewe ni fundi, unajua mteja atavaa nini.

Kwako, mdogo mtu. Leo hii zima redio, weka chanuo chini, sogeza kigoda karibu na cherehani. Usitaje ukuta wala saruji. Muulize, "Dada, siku ile ulitaka kufanya nini ukishaingia mlangoni?" Kisha funga mdomo, hata akinyamaza kwanza, funga tu. Akishasema, na akiwa tayari, nendeni wote kwa fundi mwashi, dada akiwa mbele, na mteremko upimwe kwa kiti chake kabla saruji haijakorogwa. Maneno "kupanda na kushuka" ayatamke yeye.

Na siku atakapoupanda, Bi Kwa Nini, wewe baki chini. Mikono yako iweke mgongoni, hata ikiwasha namna gani, usimsukume.