Maelezo Kuhusu Mpira Uliopasuka na Kifo cha Dereva wa Mikate

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Gereji nzima inaniita Babu Spana.
Umri: Miaka 71. Mke wangu angesema saba.
Kazi: Fundi wa magari tangu enzi za kabureta.
Elimu: Darasa la nne, nililirudia kwa kulipenda.
Makazi: Nyumba iliyo nyuma ya gereji.

Mnamo Jumanne tarehe 14, saa mbili na nusu asubuhi, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa gari la mikate, aliingia gereji. Gari lilikuwa linatetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Akasema, "Shemeji, likisimama linazima. Na breki zimekuwa ngumu."

Nikamjibu, "Ngumu kama kichwa chako."

Sisi wawili hatukuwa na salamu nyingine. Miaka arobaini hatukuambizana la maana bila kutukanana kwanza.

Mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu, ndiye fundi wa magari ya kompyuta. Ndiye huyo mliyemweka ndani. Alifungua boneti, akasikia mlio wa fyuuu. Mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kopo linalolainisha breki ulikuwa umepasuka kwa chini. Akanieleza kwa adabu: "Baba, kompyuta inapima hewa inayopita mlangoni. Hii inaingia dirishani, haihesabiwi. Mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, ndiyo maana injini inahangaika. Na breki nazo zinategemea injini ivute hewa kupitia mpira huohuo."

Akaandika kwenye daftari kwamba mpira umepasuka, akasema gari lisitoke, akaenda dukani kutafuta mwingine. Ilikuwa saa tatu na robo.

Shemeji akawa anatazama saa, mikate inapoa. Akanichokoza: "Kumbe siku hizi fundi ni mkwe, wewe mlinzi wa spana?"

Afande, liandike hivyohivyo. Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakizungusha kwenye ufa, nikafunga kwa utepe wa umeme. Injini ikatulia, ikakoroma kama paka aliyeshiba. Nikamwambia, "Nenda, uisalimie kompyuta ya gari lako." Akacheka, akatoka saa tatu na dakika arobaini.

Breki sikuzijaribu. Nilidhani injini ikitulia, yote yametulia.

Saa nne na dakika kumi nikapigiwa simu. Nilimkuta kwenye mteremko unaoshukia njia panda, gari limeingia chini ya tela la lori la mchanga lililoegeshwa. Mikate ilitapakaa barabarani, mingine bado ina joto. Muuza matunda wa pale alisema injini ilizimika juu kabisa, na alimwona dereva ameinuka kitini, anakanyaga kwa nguvu zote.

Nilifungua boneti kabla ninyi hamjafika. Utepe ulikuwa umelegea kwa joto, tyubu imefyonzwa ndani ya ufa. Nikaubandua na tyubu yake, nikatia mfukoni. Ndivyo hivi vilivyo mezani kwako. Ndiyo maana mlikuta ufa mtupu, na daftari lenye mwandiko wa mkwe wangu, mkasema alijua akaliachia gari.

Yeye aliporudi aliona vipande vya tyubu kwenye benchi langu. Alinitazama, akavifagia. Siku tatu yuko rumande na hajanitaja. Ananiita baba, afande. Mwachie.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda, hakuna aliyenilazimisha. Ila ukinisomea, soma polepole na kwa sauti ya chini. Mke wangu amekaa hapo nje kwenye benchi. Anadhani nimekuja kumwekea mkwe dhamana.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari: Nimemsomea kwa sauti ya chini, ameyakubali. Nimemfahamisha kuwa kuanzia sasa si shahidi bali mtuhumiwa, na ataandika maelezo mengine baada ya kuonywa. Ameomba kwanza atoke akamwambie mkewe yeye mwenyewe. Nimemruhusu. Amefika mlangoni, amesimama hapo dakika sita, kisha ameniomba nimsaidie kuufungua. Mlango haukuwa umefungwa.